Kuchagua vitabu na vifaa vya kujifunzia Kiestonia: mwongozo kwa msemaji wa Kiswahili

Kas kotti soovite? Ukihamia Tartu au Tallinn, swali hili litakukuta kwenye kaunta ya duka la vyakula kabla hujamaliza wiki. Keshia anakuuliza kama unataka mfuko. Mimi niliulizwa hivyo mara nyingi nikabaki kumkodolea macho, na kilichoniuma ni kwamba neno lenyewe nilikuwa nalo. Kitabu changu cha kwanza kilikuwa na orodha ya maneno kila mwisho wa somo, na humo palikuwa na kott, mfuko. Nililikariri vizuri. Dukani hakuna aliyelitamka hivyo. Lilinijia na mkia, likiwa katikati ya sentensi ya sekunde moja, nami sikulitambua.

Kitabu kile nilikinunua kimekwisha kutumiwa, kwa bei rahisi, na CD yake ilikuwa imepotea siku nyingi. Kilikuwa na picha nzuri na mazoezi mengi. Kilichokosekana ni viwili tu: sauti ya lugha, na maumbo ambayo kila neno huvaa likiingia katika sentensi. Katika lugha nyingine ungeweza kuvumilia pengo kama hilo kwa miezi kadhaa. Katika Kiestonia, hayo mawili ndiyo lugha yenyewe. Ninaandika mwongozo huu ili mwenzangu anayeanza asipoteze majira mazima ya baridi kama nilivyopoteza mimi.

Hatua ya 1: Jua unataka kufika wapi

Ulaya hupima ujuzi wa lugha kwa ngazi sita, kuanzia A1 mpaka C2, na vitabu vingi vya Kiestonia huandikwa ngazi yake kwenye jalada au ukurasa wa mwanzo. Mtihani wa serikali, unaoitwa tasemeeksam, husimamiwa na bodi ya elimu na vijana ijulikanayo kama Harno. Una ngazi nne, A2, B1, B2 na C1, na kufaulu ni kupata angalau asilimia 60. Anayeomba uraia anatakiwa kuwa na B1. Mwanafunzi aliyekuja kusoma shahada ya uzamili kwa Kiingereza, naye anataka tu kusalimiana na majirani, kununua dawa na kusoma tangazo lililobandikwa kwenye ngazi za jengo, A2 itamfaa sana.

Kwa nini nianze na hili? Kwa sababu safari ni ndefu na hakuna kitabu kimoja kitakachokufikisha mwisho. Chuo cha serikali ya Marekani kinachofundisha wanadiplomasia wao lugha hutenga wiki 36 kwa Kiswahili na wiki 44 kwa Kiestonia, na hizo ni wiki za kusoma kutwa. Basi unachochagua leo ni kitabu cha kwanza katika msafara wa vitabu viwili au vitatu. Nunua cha kwanza peke yake. Cha pili utakichagua vizuri zaidi ukikwisha kuijua njia.

Hatua ya 2: Amua utaelezwa kwa lugha gani

Kitabu cha Kiestonia kilichoelezwa kwa Kiswahili sijakiona, na nimetafuta. Kwa hiyo utajifunza lugha ya tatu kupitia ya pili, na ni vema ukubali hivyo mapema badala ya kushangaa katikati ya somo la tano.

Vitabu vingi vya wageni hueleza kwa Kiingereza au kwa Kirusi. Kirusi kimo kwa sababu zaidi ya robo ya wakazi wa Estonia ndiyo lugha yao ya kwanza. Ukiwa na Kiingereza cha shule ya sekondari, kuna vitabu viwili vya kujifundisha mwenyewe ambavyo unaweza kuviamini. Kimoja ni Complete Estonian cha Mare Kitsnik na Leelo Kingisepp, na cha pili ni Colloquial Estonian cha Christopher Moseley. Vyote viwili vina mazungumzo, maelezo ya sarufi na sauti. Anayependa sarufi ichimbuliwe mpaka mzizi atafurahia kitabu cha Juhan Tuldava kilichotolewa na Chuo Kikuu cha Indiana, ila hicho ni cha mtu mwenye subira, na mimi sikipendekezi kiwe cha kwanza. Ndugu wa Kongo au Burundi ambaye Kifaransa ndicho kimekaa vizuri zaidi kichwani asijilazimishe kupitia Kiingereza. Kiestonia hufundishwa Paris katika chuo cha INALCO, na vitabu vya kiada kwa Kifaransa vipo.

Kundi la pili ni vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya madarasa ya Estonia yenyewe. E nagu Eesti cha Mall Pesti na Helve Ahi, jina ambalo ni kama kusema "E ya Eesti", kimetumika kwa wanaoanza kwa miaka mingi sana. Kitsnik na Kingisepp nao wana Naljaga pooleks kwa wanaoanza. Hivi vinakuzamisha katika Kiestonia tangu kurasa za mwanzo, na ndiyo nguvu yake. Udhaifu wake ni kwamba vinategemea kuwa na mwalimu anayesimama ubaoni.

Ushauri wangu ni huu: kama una darasa, fuata kitabu cha darasa wala usinunue kingine. Kama huna, chukua kimoja cha kundi la kwanza. Kuchanganya vitabu viwili vya kuanzia ni kosa nililoliona kwa wenzangu wengi. Kila kitabu hupanga sarufi kwa mfuatano wake, na msomaji wa vitabu viwili hujikuta amejifunza salamu mara mbili, na miisho ya nomino hajajifunza hata mara moja.

Hatua ya 3: Kipime kitabu kabla ya kukilipia

Nenda maktaba kwanza. Maktaba za umma Estonia huazimisha vitabu bure, na ile ya mji wa Tartu, yenye jina la mwandishi Oskar Luts, ina rafu za vitabu vya kujifunzia lugha. Kaa mezani na vitabu vitatu au vinne, uvifanyie majaribio haya. Ukiwa na haraka, fanya mawili ya kwanza tu.

Jaribio la kwanza ni sauti. Fungua somo la pili au la tatu, utazame kama mazungumzo yake yamerekodiwa, kisha uhakikishe kwamba rekodi zenyewe zinapatikana leo. CD iliyopotea ni sawa na hakuna. Matoleo mengi siku hizi huelekeza mahali pa kupakua sauti kwenye intaneti, basi jaribu kupakua ukiwa bado hapo.

Nitakuonyesha kwa nini ninalisisitiza hili. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunajua kwamba urefu wa irabu hubadili maana: kufa si kufaa, na kata si kataa. Kwetu ni fupi na ndefu, tena tunaiandika tofauti, mtu anaiona kwa macho. Kiestonia kina urefu wa aina tatu. Sada ni mia. Saada yenye a ndefu ni "tuma". Saada yenye a ndefu zaidi ni "kupata". Hayo mawili ya mwisho yanaandikwa herufi kwa herufi sawasawa, na karatasi haiwezi kukupa tofauti yake hata ukiikodolea macho mpaka kesho. Ni hivyo hivyo kwa linna ya "mji wa fulani" na linna ya "kwenda mjini". Konsonanti nazo huvutwa kama irabu.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu havitakuambia, maana havikuandikwa kwa ajili yetu. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tukikazia pale huwa tunairefusha kidogo bila kujua. Kiestonia huweka mkazo mwanzoni mwa neno, isipokuwa machache kama aitäh, "asante", na maneno mengi ya kukopa. Mswahili akikutana na raamatu huivuta ile "ma" ya katikati, na Mestonia anasikia neno ambalo halipo. Dawa ni kusikiliza kabla ya kusoma. Cheza rekodi ya mazungumzo mara tatu kitabu kikiwa kimefungwa, halafu ndipo ufungue ukurasa. Kitabu kisichokuruhusu kufanya hivyo kirudishe rafuni.

Jaribio la pili ni maumbo. Nenda kwenye orodha ya maneno mwishoni mwa kitabu, utafute neno tuba, yaani chumba. Ukikuta limeandikwa tuba peke yake, kitabu hicho kitakupa kazi mara mbili. Ukikuta tuba, toa, tuba, au alama zinazoonyesha maumbo hayo, umepata mwandishi anayejua shida yako.

Nomino ya Kiestonia ina hali 14, yaani maumbo yanayoonyesha kazi yake katika sentensi, nazo wasomaji huogopeshwa kwa idadi hiyo bila sababu. Unachohitaji kukariri ni maumbo matatu tu. La kwanza, nimetav, ni la kutaja kitu. La pili, omastav, ni la umilikaji. La tatu, osastav, hutumika kwa kitu kisichokamilika, kwa idadi, na baada ya vitenzi vingi. Umbo la pili ndilo mama wa karibu yote yaliyobaki: ukiwa na toa unapata toas, chumbani, toast, kutoka chumbani, toaga, pamoja na chumba, toata, bila chumba. Lakini huwezi kulikisia umbo la pili kwa kulitazama la kwanza. Mkono ni käsi, käe, kätt. Rafiki ni sõber, sõbra, sõpra. Mto ni jõgi, jõe, jõge. Aliyekariri jõgi peke yake atasimama daraja la katikati ya Tartu, asome jina la mto kwenye kibao, Emajõgi, alielewe. Kisha asikie watu wakisema Emajõe asijue kwamba ni mto ule ule ulio chini ya miguu yake.

Vitenzi navyo vina maumbo yake ya kwenda pamoja. Kusoma ni lugema, lugeda, loen. Kwenda ni minema, minna, lähen. "Lazima niende" ni pean minema, lakini "nataka kwenda" ni tahan minna. Kitabu kizuri hukupa yote matatu mara ya kwanza kitenzi kinapotajwa.

Jaribio la tatu ni majibu ya mazoezi. Anayesoma peke yake bila majibu nyuma ya kitabu hujifundisha makosa yake mwenyewe, tena kwa bidii.

La nne ni umri, na hili lina alama rahisi. Tafuta somo la dukani utazame bei. Estonia iliingia kwenye euro tarehe 1 Januari 2011. Ukiona krooni, kitabu kilitungwa kabla ya hapo. Sarufi yake haijaoza, unaweza kukitumia, lakini usitegemee kikufundishe maneno ya simu, ya programu za benki wala ya kulipa kwa kadi. Na ukiwa hapo hapo kwenye somo la dukani, soma mazungumzo yenyewe. Je, kuna kitu kama kaardiga või sularahas, "kwa kadi au kwa fedha taslimu"? Kuna mtu anayeuliza mfuko? Mazungumzo mazuri ni yale ambayo ungeweza kuyatumia kesho asubuhi.

Hatua ya 4: Ongeza chombo kimoja cha bure cha kwenye intaneti

Keeleklikk ni kozi ya bure ya kwenye intaneti inayoanzia sifuri mpaka A2, yenye maelezo kwa Kiingereza au Kirusi. Ina vikatuni vifupi vya mazungumzo, video za sarufi na mazoezi ya kujaza. Ukiimaliza, inayofuata inaitwa Keeletee, nayo inalenga B1. Kwa asiye na fedha za kitabu hii inatosha kuanzia, na kwa mwenye kitabu ni msaidizi mzuri, kwa sababu sauti zake zipo tayari na mtu anasahihishwa papo hapo.

Programu za simu nimezijaribu. Speakly, iliyotengenezwa Estonia, hupanga maneno kwa jinsi yanavyotumika mara kwa mara, na kwa dakika za kwenye basi inafaa. Isiwe kitabu chako kikuu. Programu hukupa sentensi zilizokwisha kupikwa, wala haikuelezi vya kutosha kwa nini kott imekuwa kotti.

Kwa kadi za kukariri tumia Anki, ambayo ni ya bure kwenye kompyuta na kwenye simu za Android. Ila usipakue kadi za watu. Tengeneza zako kutoka kitabu chako, na kila kadi iwe na maumbo matatu pamoja na sentensi moja fupi. Kutengeneza kadi ni nusu ya kujifunza.

Hatua ya 5: Kamusi iwe Sõnaveeb

Taasisi ya Lugha ya Kiestonia ina kamusi yake kwenye intaneti, iliyofunguliwa mwaka 2019, na jina lake ni Sõnaveeb. Ni ya bure. Hiki ndicho chombo ninachokipenda kuliko vyote nilivyovitaja.

Tuseme umekutana na toa kwenye tangazo, huijui. Katika kamusi ya karatasi utatafuta kwenye T-O usipate kitu, kwa sababu kamusi huorodhesha tuba. Ukiiandika toa kwenye Sõnaveeb, itakupeleka kwenye tuba na kukuonyesha jedwali la maumbo yake yote. Kuna alama ya spika ya kusikiliza matamshi, kuna mifano ya sentensi, na kuna upande wa wanaojifunza lugha wenye maneno machache na maelezo mepesi. Anza na upande huo. Ule wa kawaida una habari nyingi mno kwa mtu wa A1, na unakatisha tamaa.

Tafsiri ya mashine ya Google inazo zote mbili, Kiestonia na Kiswahili, na kwa barua ya mwenye nyumba itakuokoa. Kwa kujifunzia iweke mbali. Kiestonia hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi, tema ni kama yeye yetu, lakini mashine mara nyingi hupitia Kiingereza na kurudi na mambo ambayo hayakusemwa.

Hatua ya 6: Andika daftari lako kwa Kiswahili

Hapa naomba usikimbie. Kitabu kinaeleza kwa Kiingereza, lakini akili yako ina vitu ambavyo Kiingereza hakina, na Kiestonia kinavihitaji.

Chukua mambo ya mahali. Kitabu cha Kiingereza kitakuambia majas ni kuwa ndani na laual ni kuwa juu ya kitu, kisha kitakupa jedwali la kukariri. Sisi tunasema nyumbani mna paka, na mezani pana kitabu. Tunayo tayari mu ya ndani na pa ya mahali palipo wazi, tena tunaongeza kiambishi mwishoni mwa nomino kama wao. Majas on kass: nyumbani mna paka. Laual on raamat: mezani pana kitabu. Kiestonia kina safu ya ndani (-sse ya kuingia, -s ya kuwamo, -st ya kutoka) na safu ya nje (-le, -l, -lt). Katika daftari langu safu ya kwanza niliiandikia "MU" kwa wino mwekundu, na ya pili "PA na KU" kwa wino wa buluu. Mambo yaliyonikwama mwezi mzima kwa Kiingereza yalikaa mahali pake jioni moja.

Andika pia mul on raamat, "nina kitabu". Hakuna kitenzi cha kumiliki. Wanasema "kwangu kuna kitabu", na sikio la Mswahili halishtuki. Wakati ujao haupo, hutumika wakati uliopo, na muktadha ndio unaosema ni kesho. Ukanushi ni mwepesi kuliko wetu: sisi tuna si-, hu-, ha-, hatu-, wao wana ei moja kwa watu wote, ma ei loe, sa ei loe, nad ei loe.

Tenga kurasa mbili kwa maneno yanayofanana na yetu lakini yana maana nyingine, kwa sababu yatakukwaza mtaani. Tule ni "njoo". Sina ni "wewe". Kuku ni "anguka". Kuni ni "mpaka", na majani ni "mpaka kwenye nyumba", yaani maja pamoja na -ni. Kwa hiyo Mestonia akisema kuni majani anamaanisha mpaka nyumbani pale, hana habari ya moto wala ya chai. Maneno kama haya ukiyaandika mara moja hutayasahau tena. Na ile -ni ya majani ni muhimu uizoee mapema: kwetu inaonyesha ulipo, kwao inaonyesha unapokoma.

Mwisho wa daftari weka ukurasa wa ä, ö, ü na õ. Irabu zao ni tisa, zetu tano. Õ haipo kwetu kabisa. Usiiandikie Kiswahili pembeni, maana ukiandika "o" utaisema "o" maisha yako yote. Andika maneno matano yenye sauti hiyo, uyasikilize kwenye Sõnaveeb kila siku kwa wiki mbili.

Hatua ya 7: Vya kuachia baadaye

Watu watakushauri uanze na vitabu vya watoto. Ni ushauri wa nia njema, lakini usiufuate mwanzoni. Hadithi za watoto zimejaa majitu, mende, viroboto na maneno ya kuchezea sauti ambayo hutayahitaji kwa daktari wala kwa mwenye nyumba, na sarufi yake haijarahisishwa hata kidogo. Sipsik cha Eno Raud, kuhusu mwanasesere wa kitambaa, ni kitabu kizuri na kila Mestonia alikipenda utotoni. Kisome ukifika A2, na ukisome kwa sababu ni kizuri.

Nyimbo pia. Waestonia wana tamasha kubwa la kwaya, laulupidu, lililoanza Tartu mwaka 1869, na kuwasikiliza maelfu wakiimba pamoja kunagusa moyo hata kama huelewi neno. Zitumie kukariri maneno. Kwa urefu wa sauti zitakupotosha, maana muziki huvuta silabi kwa matakwa ya mdundo.

Habari za televisheni, Aktuaalne kaamera za shirika la utangazaji la umma ERR, zisubiri mpaka umalize kitabu cha kwanza. Redio Vikerraadio waweza kuifungua hata leo ukiwa unapika, bila kudai kuelewa. Sikio linazoea mahali mkazo unapoangukia, na siku moja utashtuka umesikia tarehe na hali ya hewa.

Kitu kimoja usikiahirishe, nacho ni watu. Taasisi ya serikali ya utangamano ina nyumba za lugha ya Kiestonia huko Tallinn na Narva, na huandaa keelekohvik, mikutano ya kuzungumza kwa wanaojifunza. Wapo wanaosubiri mpaka "wajue kwanza". Nenda ukiwa na somo la tatu. Beba kitabu chako, uwaombe wakusomee mazungumzo mawili, na uwatazame midomo.

Hatua ya 8: Lini ubadilishe kitabu

Weka ratiba ya somo moja kwa wiki moja na nusu, si chini ya hapo. Siku mbili za kusikiliza tu, siku tatu za sarufi na mazoezi, siku mbili za kadi, halafu zinazobaki rudi kusikiliza somo lililotangulia. Kila baada ya masomo manne pakua mfano wa mtihani wa A2 kutoka Harno, ufanye sehemu ya kusikiliza peke yake. Kusoma na kuandika kutakudanganya kwamba umefika, kwani una muda wa kufikiri. Kusikiliza hakukupi muda huo.

Ukipata zaidi ya nusu katika kusikiliza mara mbili mfululizo, na kitabu chako umebakiza masomo mawili au matatu, yamalize hayo kwanza. Kisha tafuta cha ngazi inayofuata. Anayetoka E nagu Eesti ana ndugu yake, T nagu Tallinn cha Mall Pesti. Aliyepitia Naljaga pooleks ataona mkono ule ule wa waandishi katika Avatud uksed, "Milango iliyo wazi", ambacho kinapanda juu zaidi, na usikifungue kabla A2 haijakaa sawa. Kifanyie nacho majaribio yale ya maktabani: sauti, maumbo, majibu, umri. Utaona mara hii jaribio la maumbo linakuchukua dakika mbili tu. Utafungua orodha ya mwisho, utaona neno usilolijua limeandikwa na maumbo yake matatu, na mdomo utayasema yote kabla hujatafuta maana yake.